Imekaa Siku Ngapi?

 Jioni ya leo, wasikilizaji wangu, nataka kuwazungumzia jambo ambalo huenda wengine wenu wakaliona geni likitoka kinywani mwa mtu wa Sugoi, kijiji cha wakulima wa mahindi na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa katika kaunti ya Uasin Gishu, upande wa Turbo, si mbali na Eldoret. Ni kijiji ambacho jina lake siku hizi linatajwa kotekote kwa sababu Rais William Ruto ana makazi yake huko, lakini ambacho sisi tuliokizoea twakijua zaidi kwa baridi yake ya alfajiri, kwa matope yake ya mwezi wa Agosti, na kwa maziwa yake. Jambo lenyewe ni namna ya kuionja divai nyekundu ingali changa, na kuitolea hukumu ya haki.

Najua ya kuwa miongoni mwenu wako ambao dini yao imewaharamishia kinywaji hiki, na wako wengine walioazimia kutokigusa kwa sababu zao nyingine za heshima. Hao nawaomba wasifunge redio, kwani muradi wangu si kumshawishi mtu anywe, bali ni kueleza jinsi binadamu anavyoweza kuupima uzuri wa kitu kabla hakijakomaa. Na maarifa hayo humfaa mpika mtindi na mchagua maembe kama yanavyomfaa mwenye divai.

Kisa chenyewe kilianza hivi. Mwezi wa Desemba, mahindi yamekwisha kupukuchuliwa na magunia yamepangwa ghalani, mpwa wangu anayesoma Dodoma alirejea kwa likizo, akaniletea chupa mbili za divai nyekundu, ambazo alinieleza kuwa zabibu zake zilichumwa mwezi wa Agosti wa mwaka ule ule. Yafaa mjue ya kuwa Dodoma ni nchi kavu, yenye mvua chache na jua jingi, ambako kilimo cha mizabibu kilianzishwa na wamisionari wa Kikatoliki wa Bihawana katika miaka ya 1950, na ambako, kwa kuwa hakuna majira ya baridi kali ya kuulaza mzabibu kama Ulaya, mkulima huvuna mara mbili kwa mwaka. Iko hata aina ya zabibu nyekundu iliyopewa jina la Makutupora, mahali penye kituo cha utafiti wa zao hilo. Nasi Wakenya hatuko nyuma kabisa, kwani mizabibu ya divai imepandwa Naivasha, na marehemu Richard Leakey, yule mchunguzi wa mifupa ya kale, aliipanda yake ukingoni mwa Bonde la Ufa, kusini ya Nairobi. Lakini kwetu Sugoi, chupa ile ilikuwa mgeni.

Jioni hiyo walikuwapo majirani watatu, wazee wenzangu. Mpwa wangu akazibua chupa, akatumiminia kila mtu kidogo, akasimama kando akitutazama kwa matumaini ya kijana aliyetoka mbali na zawadi. Mzee wa kwanza akapiga funda kubwa, uso ukamkunjamana, akasema, "Hii imeharibika." Wa pili akasema kwamba amewahi kunywa dawa ya minyoo iliyokuwa na nafuu kuliko hiyo. Wa tatu, kwa adabu yake, akaiweka bilauri chini asiseme neno. Nilimwona kijana amejiinamia, nami mwenyewe sikuwa na la kumtetea, maana kinywa changu kilikuwa kimekauka kana kwamba nimetafuna ndizi mbichi.

Ndipo mama yangu mzazi, ajuza aliyekuwa amekaa karibu na moto, na ambaye tangu azaliwe hajanywa divai, akanyoosha mkono akaiomba bilauri. Hakunywa. Aliisogeza puani, akanusa, akaiondoa, akanusa tena, kisha akamgeukia mjukuu wake akamwuliza, "Imekaa siku ngapi?"

"Miezi minne hivi, kogo," kijana akajibu. Na kogo, kwa lugha yetu, ni bibi.

"Basi," akasema mama, huku akitutazama sisi wanaume mmoja mmoja, "mnamlaumu mtoto kwa kuwa hana ndevu."

Wasikilizaji wangu, nimelitafakari neno lile siku nyingi. Mtu asiyewahi kuonja divai aliuliza swali ambalo waonjaji mahiri wa Ufaransa huanza nalo. Huko Bordeaux, kila mwaka majira ya kuchipua, wanunuzi hukusanyika kuonja divai ya mavuno yaliyopita, ingali mapipani, chachu na kali. Wala hawaulizi kama yafaa kunywewa usiku ule, bali hujiuliza itakuwa nini baada ya miaka kumi. Mama yangu aliipata wapi hekima hiyo? Aliipata katika kibuyu cha mursik.

Niruhusuni niwaonyeshe, kwa maana wengi wenu mmeiona mursik katika picha tu, wanariadha wetu wanapopokewa uwanja wa ndege na kunyweshwa kibuyuni, msijue inavyotengenezwa. Mama hukiosha kibuyu, tunachokiita sotet, kwa maji ya moto, akakisugua ndani kwa sosiot, ule ufito uliopondwa ncha ukawa kama burashi, kisha akakianika mpaka kikauke kabisa. Baada ya hapo huchukua kijiti cha senetwet, kichaka chenye maua ya manjano kinachoota kando ya njia zetu, akakichoma mpaka kikawa kaa jekundu, akakitumbukiza kibuyuni na kukisuguasugua katika pande zote za ndani, huku moshi ukitoka mdomoni mwa kibuyu kama pumzi ya mtu alfajiri ya baridi. Majivu ya ziada huyakung'uta nje, akabakiza vumbi laini la makaa lililogandamana na kuta. Maziwa yaliyochemshwa yakapoa humiminwa humo, kibuyu kikazibwa, kikawekwa mahali pa baridi penye kiza.

Siku ya tatu hukifungua kidogo, akanusa, akakifunga. Hasemi kuwa mursik ni mbaya, ijapokuwa siku hiyo harufu ya moshi na harufu ya maziwa zingali zinagombana, kila moja yataka kuwa juu ya mwenzake; husema tu, "Bado." Siku ya tano au ya sita hunusa tena, akamimina tone kiganjani, akatazama kama rangi imekwisha kuwa ya kijivu kinachoelekea buluu, kama maziwa yameshikana vizuri au yamejitenga na maji yake, kisha hulamba, akanyamaza kitambo, akingoja kujua ni nini kitakachobaki ulimini baada ya uchachu kupita. Jicho, pua, ulimi, na kimya: hizo ndizo hatua zake nne, na wallahi sijakuta kitabu cha divai kinachofundisha zaidi ya hizo.

Basi na tuitazame divai kwa utaratibu huo huo. Kwanza jicho. Iinamishe bilauri juu ya kitambaa cheupe, uangalie si katikati tu, bali ukingoni, pale divai inapokuwa nyembamba. Rangi ya divai nyekundu haitoki katika maji ya zabibu, ambayo aghalabu hayana rangi, bali katika maganda, yanayoachwa yakae pamoja na maji hayo wakati wa kuchacha. Divai ikiwa changa, ukingo wake huwa na rangi ya zambarau iliyoiva. Na kadiri miaka inavyopita rangi hiyo hugeuka, ikaelekea ya tofali, na mwisho ya udongo mwekundu. Kwa hiyo ukiona rangi ya tofali katika divai iliyosemwa kuwa ya juzi, tia shaka, kwani yamkini hewa imeiingia ikaizeesha kabla ya wakati wake. Ile ya mpwa wangu ilikuwa zambarau tupu hadi ukingoni. Na lau wale wazee wenzangu wangaliitazama kabla ya kuinywa, wangalijua wanakutana na nani.

Pili ni pua. Kiswahili chetu kimetupa neema ambayo lugha nyingi hazina, ya kutofautisha kwa irabu moja tu kati ya kunuka na kunukia, na mwonjaji kazi yake ya kwanza ni kuamua divai iliyo mbele yake iko upande gani wa irabu hiyo. Nusa kwanza bila kuitikisa. Kisha izungushe bilauri taratibu, divai ipande kutani na kushuka, unuse tena. Ikikujia harufu ya siki, au ya gunia lililolala katika unyevu, au ya tofaa lililopondeka likaachwa, hiyo ni kasoro, wala umri hautaiponya. Lakini ikikujia riha ya matunda, kama zambarau, au plamu, au yale tunayoyaita matunda damu, hata kama nyuma yake kuna harufu ya hamira kama ya mkate ulioanza kuumuka, hapo huna kasoro, una utoto tu. Mama yangu, katika kunusa kwake mara mbili, alitafuta siki asiione. Na kwa kuwa hakuiona, alijua kuwa mzee wa kwanza amekosea kusema imeharibika.

Tatu ni ulimi, na hapa nataka nikae kidogo, kwa maana hapa ndipo tulipokosea. Piga funda dogo, lizungushe kinywani lifike kwenye ufizi na kwenye kaakaa, kisha lisikilize. Utamu utajitokeza ukiwapo. Uchachu utaujua kwa mate yanayochuruzika pembeni mwa ulimi. Ukali wa kileo, ambacho katika divai za namna hii aghalabu ni asilimia 12 hadi 14, utausikia kama vuguvugu kooni. Na kuna la nne, lisilo utamu wala uchachu, wala hasa si ladha bali ni mguso: kule kukwaruza na kukausha ufizi ambako Waswahili wamekuita kwa jina lake barabara tangu zamani, ukakasi.

Ukakasi huu, wasikilizaji, sisi wa Uasin Gishu tungepaswa kuwa wa kwanza kuutambua. Nilipokuwa mtoto, ardhi kubwa kandokando ya Eldoret ilikuwa misitu ya miwati, mti ulioletwa kutoka Australia, mali ya kampuni ya East African Tanning Extract, tuliyoiita EATEC kwa kifupi. Na kiwanda chake mjini kilikamua katika magome ya miti hiyo dawa ya kudabaghi ngozi. Dawa hiyo ni tanini. Hushikana na protini za ngozi mbichi, ikaifanya isioze, ikageuka ngozi ya viatu na matandiko. Zabibu nazo zina tanini ya jamaa moja na hiyo ya muwati, katika maganda yake na katika kokwa. Na inapoingia kinywani hufanya kazi ile ile, hushika protini za mate, zile zinazokifanya kinywa kiteleze, na ndiyo maana ufizi hukauka na ulimi huwa kama umepigwa msasa. Wavulana wa rika langu tulitafuna magome ya miwati kwa utundu, na sote tunakijua kinywa kile. Lakini yule mzee wa kwanza, ambaye ujanani mwake alimenya magome hayo kwa ujira, alipokutana na ukakasi ule ule katika bilauri hakuutambua, akauita uharibifu. Tanini hiyo hiyo ndiyo inayosaidia kuilinda divai nyekundu ikae miaka. Na kwa kukaa hujiunga na kubadilika, ukakasi ukapungua ukali wake. Ukali wa divai changa ni sehemu ya amana iliyowekewa uzee wake.

Fauka ya hayo, baridi ya kwetu ilitudhulumu. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Desemba katika vijiji vyetu si usiku wa Mombasa. Chupa ilikuwa imekaa dirishani tangu alasiri, na divai nyekundu ikiwa baridi mno ukakasi wake huzidi na riha yake hujificha. Mpwa wangu alipoikumbatia bilauri kwa viganja viwili kwa dakika kadhaa, nami nikaonja tena, niliona tofauti bayana: matunda yalitoka mbele, na ukakasi ukarudi hatua moja nyuma, ukabaki kama mlinzi mlangoni.

Na liko jambo jingine la kuunganisha kibuyu na pipa, ambalo lilinistaajabisha nilipolisoma. Zabibu huwa na asidi kali, ile ile inayolichachusha tofaa bichi. Na baada ya hamira kumaliza kazi yake, katika divai nyekundu nyingi hufuata uchachukaji wa pili, ambamo bakteria huigeuza asidi ile kuwa asidi ya maziwa, iliyo pole zaidi ulimini. Bakteria hao ni wa ukoo mmoja na wale wanaoyachachusha maziwa katika kibuyu cha mama. Kumbe kile kinachoilainisha divai ya Dodoma na kile kinachoigandisha mursik ya Sugoi ni ndugu, kila mmoja na nyumba yake.

Haya, tumetazama, tumenusa, tumeonja. Imebaki hatua ya nne, ile ya kimya kinachozaa hukumu; na hukumu, katika kionjo kama katika mahakama, yataka insafu. Mwenye insafu hujiuliza maswali matatu kwa utaratibu. La kwanza, je, kuna kasoro? La pili, je, vile vinne, utamu, uchachu, kileo na ukakasi, vimewekwa katika mizani, au kimoja kimewakalia wenzake? Na la tatu, baada ya funda kupita, ladha hukaa muda gani kinywani, na inayobaki ni ladha gani? Maana si kila divai changa yafaa kuwekwa. Nyingi zimetengenezwa zinywewe mapema, na ukiziweka zitachakaa tu. Inayostahili kungojewa ni ile yenye matunda ya kutosha, uchachu wa kutosha na ukakasi wa kutosha, vyote pamoja, kama kijana mkaidi ambaye mwalimu wake haachi kumtaraji kwa kuwa ana akili. Na baada ya maswali hayo yote ndipo mtu aseme, akitaka, kama aipenda au haipendi. Kwa maana "siipendi" ni habari ya msemaji, na "ni mbaya" ni habari ya divai, na mwenye kuzichanganya habari hizi mbili ametoa shahada ya uongo bila kukusudia.

Wala nisidhaniwe kuwa nasema kila kitu kisifiwe. Wahenga wetu wa pwani walionya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na onyo hilo ni la haki. Nilimwambia mpwa wangu wazi kwamba divai ile kileo chake kilichomoza kuliko matunda, na kwamba ladha yake haikukaa kinywani kwa muda ambao ningependa. Sifa isiyo na kipimo humharibu mtengenezaji sawasawa na lawama isiyo na kipimo: ya kwanza humlevya, ya pili humvunja moyo, na mkulima wa mizabibu, kama mama mwenye kibuyu, hujifunza tu kwa mtu anayemweleza kwa tafsili ni kipi kimezidi na ni kipi kimepungua.

Tena sharti niseme neno juu ya kiasi. Kazi ya mwonjaji ni kupima, na wenye kazi hiyo huonja kisha wakatema, ili akili ibaki safi mpaka bilauri ya mwisho. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na humaliza mchovyaji pia. Hata mursik yetu tusiikingie kifua kwa mapenzi tu. Mnamo 2013 wataalamu walichapisha uchunguzi wao, kwamba walikuta ndani ya mursik kileo kidogo na asetaldehaidi, wakaitaja kuwa huenda ni mojawapo ya sababu za saratani ya umio kuwa nyingi magharibi mwa Kenya. Tangu nilipozipata habari hizo, kibuyu kilichokaa mno mpaka pua ikakikataa hatukinywi nyumbani kwetu, na mama, ambaye pua yake ilikuwa imekikataa zamani, hakuona ajabu.

Wasikilizaji wangu, wakati umenipa kisogo. Hukumu yangu juu ya divai ile ni hii: haina kasoro, rangi yake njema, riha yake ya matunda ni ya kweli, ukakasi wake mkali lakini safi, kileo chake kimezidi kidogo, na yastahili kungojewa mwaka au miwili. Chupa ya pili sikuifungua. Nimeilaza katika ghala ya mama, palepale penye baridi na kiza panapowekwa vibuyu, nikaifunga karatasi yenye tarehe, na nimewaalika wazee wale wale watatu Desemba ijayo. Nanyi mtakapoletewa kitu kichanga, kiwe divai, kiwe mtindi, kiwe kazi ya mikono ya kijana wenu, kabla ya kufungua kinywa kukilaumu, anzeni kwa swali la mama yangu: imekaa siku ngapi?